Mwanamke Aliyeshika Kamba

Kebirigo,
Jumapili, 4 Februari 2024

Baba Lewis,

Usinipigie. Nimeifunga namba yako, na hata ukiazima simu ya mtu sitaipokea. Ukitaka kusema nami andika kwa mkono wako, umpe binamu yako Anyona. Kila wiki analeta pikapu hapa sokoni kuchukua ndizi na kurudi nazo huko Marani. Maneno ya simu yanafutika, na nimeshakuona ukiyafuta. Ya karatasi yatakaa kabatini kwangu.

Wala usishangae kwamba nakuandikia Kiswahili. Kwa Ekegusii ningekulilia, nami sitaki kukulilia. Kiswahili ndicho ninachokitumia darasani nikiwa nimekasirika.

Dada yako Gladys alishuka huko bwawani kazini kwako Jumatano kukupelekea mboga za chinsaga na ugali wa wimbi. Alikuta una shughuli, akakupiga picha kwa mbali, akaniletea akidhani nitafurahi. Umekaa kwenye gogo, umevaa lile vazi lako jeusi la mpira, na msichana wa hijabu ya kijani amepiga magoti mbele yako akikufunga mkanda kiunoni. Unacheka. Thadeus, huu ni mwaka wa tisa tangu tuoane. Mimi nimewahi kukufunga vifungo vya shati siku moja tu, siku ya harusi ya Gladys, nawe ukasema nakuchelewesha.

Uliniambia mko huko wewe, injinia na vijana wa kubeba vyuma. Huyu ni kijana gani?

Mwalimu Nyamoita


Bwawani, Marani,
9 Februari 2024

Nyamoita wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya kwanza nikiwa nimesimama na ya mwisho nikiwa nimekaa chini.

Huyo ni Firdaus Shariff. Baba yake ana duka la vitambaa Kisii mjini. Firdaus alisomea uzamiaji Mombasa, kama mimi, na hapa kazi yake ni kunishikia kamba. Sikukutajia kwa sababu nilijua utafikiri hivi unavyofikiri.

Ngoja nikueleze hii kazi, maana hujawahi kuniuliza. Chini ya bwawa kuna bomba pana, mtu anaweza kuingia akitambaa, linalovuta maji kuyapeleka kusafishwa na kisha mjini. Mdomoni pake pana wavu wa chuma wa kuzuia takataka. Wavu ukizibwa na majani na mifuko ya plastiki, mji unakauka, nami nashuka na mtungi wa hewa mgongoni kuusafisha. Huko ni matope matupu, mkono wangu mwenyewe siuoni. Firdaus yuko juu, kwenye jukwaa la mbao, ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwangu. Nikiivuta mara moja, Firdaus anajua niko salama. Nikiivuta mara nne, nimeshikwa. Kabla sijagusa maji, valvu ya bomba inafungwa, inatiwa kufuli, na ufunguo Firdaus anauvaa shingoni. Asipouvaa, sishuki. Firdaus hali, hashiki simu, hatoki jukwaani mpaka nitoke. Firdaus akisema leo hapana, hata injinia ananyamaza. Ule mkanda kwenye picha ni wa vyuma vizito vya kunizamisha. Ukilegea ni shida, ndiyo maana Firdaus anaukaza mwenyewe.

Hatari hakuna. Ni kama kuchuma chai, ila unalowa zaidi. Na nilikuwa nacheka kwa sababu Firdaus alisema ndizi za nyumbani zimeninenepesha.

Msalimie Lewis. Nifungulie simu.

Thadeus


Kebirigo,
13 Februari 2024

Baba Lewis,

Barua yako nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu. Jina "Firdaus" limetokea mara tisa. "Nyamoita" mara moja, pale juu kwenye salamu, ambapo hata mwenye deni huandikwa. Mtoto wa darasa la nne akirudia neno hivyo humwandikia pembeni: tafuta lingine.

Na tangu lini unajua ngeli? Sabato ile ulipokuja nyumbani ulimkemea Lewis kwa kusema "kitabu yangu". Miaka tisa mimi, mwalimu wa Kiswahili, nimekusikia ukisema "kiti yangu" na "viatu zangu", na sikukukosoa hata siku moja, kwa sababu ni wewe. Sasa umepata mtu wa kukufundisha, na naona umefundishika.

Kuna jambo nilikuwa nimelinyamazia nione kama utalisema mwenyewe. Hukulisema. Sabato ya mwisho wa Januari ulipoinama kunawa uso niliona alama begani mwako. Ni duara, rangi ya zambarau, ukubwa wa mdomo wa kikombe, na katikati damu imevilia. Nilipokuuliza ulisema mbao ilikuangukia. Mbao haina mdomo, Baba Lewis. Mbao haifyonzi ngozi ya mtu.

Tangu siku hiyo silali upande wako wa kitanda hata ukiwa hupo.

Sitaki maelezo ya mabomba. Msichana huyo aondoke kwenye kamba. Asipoondoka, usinijie Sabato. Nitamwambia Lewis umepata kazi nyingi.

Nyamoita


Bwawani, Marani,
19 Februari 2024

Mama Lewis,

Alama ni ya mbao. Nimesema, na nitasema hivyo hivyo.

Nimekwenda kwa injinia. Nimemwambia ni mambo ya nyumbani. Alicheka, halafu akaacha kucheka, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Kuanzia Machi Firdaus atakuwa stoo akitunza mitungi ya hewa, na kamba atashika Anyona. Unajua amechoka na ndizi, anatafuta kazi ya mshahara kwa udi na uvumba. Atafundishwa wiki moja.

Injinia alimwita Firdaus akamweleza mbele yangu. Aliuvua ufunguo shingoni, akauweka mezani.

Nadhani sasa umeridhika. Nitakuja Sabato.

Thadeus


Kisii mjini,
3 Machi 2024

Kwako Mwalimu Nyamoita,

Amani iwe juu yako na watu wa nyumba yako. Hatujaonana, lakini najua unanijua, na najua kwa nini leo nahesabu mitungi badala ya kushika kamba. Sikuandikii kulalamika. Mke ana haki ya kulinda kilicho chake.

Naandika kwa sababu ya Anyona. Ni mtu mwema, anachekesha, anawapenda nyinyi. Lakini kumshikia mzamiaji kamba si kama kumshika ng'ombe. Bomba linalovuta maji chini ya bwawa halina kelele. Maji ya mbele yake yanaonekana yametulia, na mtu hajui kuwa amelikaribia mpaka limemshika. Likishamshika, uzito wa maji yote ya bwawa uko mgongoni mwake, na hakuna mwanamume wa kumng'oa. Dawa ni moja tu: valvu ifungwe. Kwa hiyo mshika kamba lazima awe na ufunguo mwilini, na asibanduke. Anyona anapenda simu, na anapenda kutembea akizungumza.

Nakuomba umwambie mumeo adai mtu aliyesomea. Si lazima niwe mimi. Wapo wengine, wanaume, Mombasa na Kisumu. Mimi nikisema ataona nataka kurudi.

Kuna jambo moja lingekufanya uniamini mara moja, lakini yeye aliniapisha nisikwambie. Nami nimeapa.

Wako,
Firdaus Shariff


Kebirigo,
7 Machi 2024

Bi Firdaus,

Kiswahili chako ni kizuri. Nimekisoma polepole, kama mtu anayekula samaki mwenye miiba, na mwiba wenyewe nimeukuta mwishoni.

Una siri na mume wangu. Umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe kwamba mume wangu alikuapisha usiniambie jambo. Halafu unataka niende nimwambie yeye kwamba wewe ndiye unayejua kinachomfaa. Mimi nimezaa naye. Nimemuuguza malaria. Nimeishi na mama yake miaka sita bila kukosana. Lakini kiapo chake umepewa wewe.

Liseme hilo jambo au lifie hapo. Na mtu wa kumchagulia Thadeus mshika kamba si wewe. Anyona ni damu yake. Damu haiachi kamba.

Nyamoita


Bwawani, Marani,
24 Machi 2024

Nyamoita wangu,

Simu umeifungua lakini umesema barua ziendelee, basi naendelea. Nimeanza hata kuzipenda. Jana nilikuwa chini ya maji nikawa natunga hii.

Mvua imeanza kwa fujo. Maji yanashuka na migomba mizima, na magogo. Wavu nausafisha leo, kesho umejaa tena. Ofisini wanapigiwa simu na watu wa mjini kutwa nzima kwamba mifereji imekauka.

Anyona anaendelea vizuri. Ananiimbia akiwa jukwaani, ingawa simsikii. Ufunguo hauvai, anasema unamkwaruza shingo, tunautundika kwenye msumari katika nyumba ya pampu. Hapana neno, kila mtu anajua.

Firdaus simwoni siku hizi. Amefunga Ramadhani, na mlango wa stoo kaufunga vile vile. Nimetaja jina lake mara moja tu, hesabu.

Shule ikifunga mlete Lewis aone bwawa.

Thadeus wako


Kisii mjini,
Jumanne, 16 Aprili 2024

Bi Firdaus,

Jana nilipoingia wodini ulikuwa umekaa kwenye kiti cha upande wa dirisha. Uliinuka ukatoka bila viatu, ukarudi kuvichukua, ukatoka tena. Sikukuita. Sikujua ningekuita kwa jina gani.

Leo ni siku ya nane tangu Thadeus aletwe hapa. Amezinduka lakini hajui lililompata. Anakumbuka akivaa mtungi, basi. Anauliza mguu wake wa kulia uko wapi, tunamwambia, analala, akiamka anauliza tena. Injinia ananiambia "ajali". Anyona amekimbilia kwa wakwe zake na simu ameizima. Muuguzi ndiye aliyeniambia kwamba wewe ndiye uliyemtoa majini na kwamba uliletwa naye ukiwa umelowa, ukakataa kubadilisha nguo.

Niandikie ilivyokuwa. Yote, na lile la kiapo. Nina haki ya kujua hata kama sina haki ya kukuomba.

Nyamoita


Kisii mjini,
20 Aprili 2024

Kwako Mwalimu Nyamoita,

Bismillahi. Nitaandika kama lilivyotokea, na panaponiaibisha sitaparuka.

Jumatatu ile, tarehe nane, gogo lilikuwa limevunja wavu. Thadeus alishuka kupima tundu ili chuma kipya kikatwe. Valvu ilikuwa imefungwa kwa kufuli kama inavyotakiwa. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari. Anyona alikuwa jukwaani na kamba. Simu yake ikalia, upande ule haushiki mtandao vizuri, akaifunga kamba kwenye nguzo, akapanda kilimani akazungumze. Alisema baadaye ni dakika mbili.

Katika dakika hizo mtu wa pampu alipigiwa simu kutoka ofisini kwamba mji una siku tatu bila maji, afungue kidogo. Alitoa kichwa dirishani. Hakuona mtu jukwaani. Akaamini mzamiaji ameshatoka. Ufunguo ulikuwa pale karibu na mkono wake.

Mimi nilikuwa stoo. Nilisikia wanaume wakihesabu, "Moja, mbili, vuta!" Nikatoka. Kamba ilikuwa imekaza kama waya wa simu, na Anyona na wenzake wanne wanaivuta, analia. Nikapiga kelele, "Achieni! Achieni, mtamkata!" Wakadhani nimepagawa. Niliwapita nikakimbilia nyumba ya pampu. Kuna ngazi sitini na tatu, nilizihesabu siku nyingine, siku ile sizikumbuki. Mtu wa pampu akaniuliza, "Kwani kuna nini?" Gurudumu la valvu ni zito. Tulilizungusha sote wawili mpaka likakataa.

Nikarudi nikavaa mtungi juu ya dera nililokuwa nalo, nikashuka. Nilimkuta kwa kupapasa. Mguu ulikuwa ndani ya bomba mpaka pajani. Alikuwa bado anapumua kwenye mtungi, polepole sana. Valvu ilikuwa imefungwa, lakini ilibidi kungoja maji ya ndani na ya nje yalingane kabla bomba halijamwachia. Nilimkumbatia nikangoja. Sitakwambia uongo, nilimkumbatia kwa nguvu. Nilikuwa nimefunga, na maji ya matope yaliniingia kinywani, na sijui kama swaumu yangu ilisalimika. Bomba lilipomwachia, wakatuvuta wote.

Sasa kile kiapo. Mwezi wa Januari kuna bomba kuukuu la pembeni lilitoboka, tundu dogo tu, ukubwa wa mdomo wa kikombe. Bega lake liliziba tundu lile. Kikombe, Mwalimu, na mwanamume mzima alishindwa kujibandua. Alivuta kamba mara nne. Sikumvuta. Nilimtuma injinia akafunge valvu ya lile bomba, nikabaki na kamba, nikimpa ishara kwamba nipo. Alipotoka alikuwa na alama begani. Akaniambia, "Firdaus, niapie. Mama Lewis akijua atanirudisha kwenye majani ya chai, na mimi nje ya maji si mtu." Nikamwapia. Nilipokuandikia Machi nilitaka sana kuvunja kiapo. Ulipojibu vile, nilisema basi, na aone mwenyewe.

Hapo ndipo penye aibu yangu. Niliambiwa nimfundishe Anyona wiki moja. Nilimfundisha siku mbili, tano nikaziacha. Nilimwonyesha ishara, nikamwonyesha kufuli, nikasema umehitimu. Injinia aliponiuliza, "Yuko tayari?" nilijibu, "Hilo waulize wenyewe waliomtaka." Niliona ufunguo ukitundikwa msumarini. Niliuona kila siku nikipita. Sikusema. Nilikuwa na wivu, Mwalimu, kama wewe, ila mimi sikuwa na ndoa ya kuufichia.

Uliuliza swali Februari, ingawa hukuniuliza mimi. Jibu ni ndiyo. Kwa upande wangu lilikuwapo jambo. Mkanda ule ungeweza kufungwa kwa kuvuta mara moja, nami niliuvuta mara mbili. Hakuwahi kunigusa, wala kuniambia neno ambalo asingelisema mbele yako. Sijui kama aliwahi kulihisi. Sikumuuliza.

Sikuombi radhi kwa kumpenda. Naomba radhi kwa zile siku tano.

Firdaus Shariff


Kebirigo,
Jumapili, 2 Juni 2024

Bi Firdaus,

Nimechelewa kukujibu. Mara nne nimeanza, na mara nne nimeitia barua jikoni.

Thadeus yuko nyumbani tangu katikati ya Mei. Anatembea kwa magongo mpaka kwenye mafiga ya mama yake na kurudi. Lewis anamwekea mkono mgongoni kana kwamba atamzuia akianguka. Anyona alikuja Jumapili moja, akapiga magoti mlangoni hakuweza kuingia. Thadeus alimwambia, "Inuka, bwana, wewe una magoti mawili, usiyachafue." Wakacheka na kulia. Mimi nilikuwa jikoni.

Watu wa serikali wa mambo ya kazi walikuja kuuliza ni nani aliyetaka mshika kamba abadilishwe. Thadeus alisema ni yeye. Nikasema si yeye, ni mimi, nikawatolea barua yangu ya Februari. Ilikuwa kwenye begi lake, ameikunja mara nne. Waliisoma kwa sauti mbele ya mama mkwe, mpaka pale nilipoandika habari za mdomo. Mmoja wao alikuwa kijana niliyemfundisha. Alisoma pale akishusha sauti, kwa heshima, na ndiyo ikaniumiza zaidi. Ile yako sikuwapa. Siku zako tano ni zako na Mungu wako. Mimi za kwangu zinanitosha. Nao waliandika pia msumari, na simu iliyotoka ofisini.

Nakushukuru kwa uhai wake. Naandika neno hilo bila kulazimishwa. Mtoto wangu ana baba kwa sababu ulikimbia. Na bado sitaki uje nyumbani kwangu. Thadeus aliuliza kwa nini hujaja kumwona, nikamwambia umerudi Mombasa. Nilimdanganya. Gladys amekuona dukani kwa baba yenu wiki iliyopita, ukipima vitambaa. Nilipomwambia Thadeus habari za Mombasa sikumwambia kwa moyo mwovu. Nilimwambia kwa moyo nilio nao.

Wiki mbili zilizopita aliniomba nimsomee barua yako. Alijua ipo, aliona bahasha. Tulikaa nje, nikamsomea. Aliposikia habari za kamba aliweka mkono kiunoni. Aliposikia habari za bega alinitazama, akasema, "Nisamehe, Mama Lewis, ningekwambia." Nikasema, "Ungeniambia." Nikaendelea. Nilipofika pale ulipoandika "Jibu ni ndiyo," nilikohoa, nikageuza ukurasa, nikasoma mwisho, pale pa kuomba radhi kwa zile siku tano.

Kisha akasema, "Umeruka mahali."

Nikasema, "Ndiyo."

Nilingoja aniulize nimeruka nini. Nilikuwa nimejiandaa, Firdaus, nakwambia ukweli, kama angeuliza ningemsomea. Alichukua magongo yake, akainuka, akaenda kumwita Lewis aje kula.

Hajauliza mpaka leo. Nikiwa shambani, nikiwa darasani, hata kanisani maombi yakiendelea, nawaza: mtu asiyeuliza ni yule asiyetaka kujua, au ni yule anayejua tayari?

Wewe usinijibu. Ukinijibu nitasoma.

Nyamoita